Wale Waliojua Kuacha

Mimi nina hasira. Nasema mapema ili baadaye mtu asidai hakuambiwa. Si hasira ya kununa siku tatu, hiyo ni ya watu wenye nafasi. Yangu hupanda mara moja, ikamaliza kazi yake, kisha ikaniacha nimesimama katikati ya nyumba na mwiko mkononi nikijiuliza ni nani ameleta fujo yote hii. Kwetu walisema nimetoa kwa baba. Baba naye alisema ametoa kwa baba yake. Babu sikuwahi kumuuliza. Nani angethubutu?

Baba alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja upande wa Athi River, na sisi watoto watano tulikulia katika nyumba za wafanyakazi. Alikuwa mtu mzuri, na lazima niseme hivyo kwanza kwa sababu ni kweli. Jumapili asubuhi alipanga viatu vyetu vyote mlangoni akavipiga rangi mwenyewe, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Lakini mkanda wake ulikuwa unatoka kiunoni kabla hujamaliza kusema samahani. Nilimwogopa kiasi kwamba nilijua hatua zake kati ya hatua za wanaume wote wa lile jengo, na kwa hizo hatua nilijua siku imeendaje kazini. Kwa hiyo nilipokuja kuwa mama nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba mtoto wangu asije akaniogopa namna ile. Mengine yote, shamba, gari, cheo, ningekubali kuyakosa.

Mtoto nilipata mmoja, msichana. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule ule nilipopelekwa kufundisha biolojia katika shule moja ya sekondari huko Kajiado. Baba yake alikuwa na kazi Eldoret na alikuja mwisho wa mwezi. Mimi nikapanga nyumba ya vyumba viwili Noonkopir, Kitengela, pembeni kabisa, mahali ploti zilipoishia na mbuga ikaanza.

Jamani, Kitengela ile! Anayeijua ya leo hawezi kuniamini. Baada ya mvua ungefungua dirisha la jikoni asubuhi ukute nyumbu wamesimama ng'ambo ya ua, wanaguna tu, kama wazee kwenye foleni ya benki. Punda milia walivuka barabara ya Namanga wakati wanaotaka wao, na magari yalingoja. Udongo mweusi ulikuwa unakuvua gambuti: unainua mguu, kiatu kinabaki. Niliyalaani hayo matope kila siku ya Mungu, na leo nikipita hapo penye lami na maduka ya simu, moyo unaniuma kwa kuyakosa. Nilikuwa nasimama hapo dirishani na kikombe cha chai nikitazama nyumbu madume wakipigana. Wanapiga magoti, wanagongana vichwa, vumbi linatimka. Nilipenda sana kuwatazama.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama wa Kimaasai, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Ardhi ile yote ilikuwa ya familia yake kabla mume wake hajaikata ploti akatuuzia sisi watu wa kuja. Kila asubuhi aliniletea maziwa, na sote pale tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa. "Takwenya," angenisalimu, nami ningejibu, "Iko," na yeye angecheka hadi kutikisika mabega, eti Mluhya amejaribu. Kwa kuwa nilitoka alfajiri kwenda Kajiado na kurudi jioni, binti yangu alilelewa nyumbani kwake, pamoja na watoto wake wawili wa mwisho. Alikuwa anakunywa maziwa yao, anafukuza ndama wao, na Kimaa alikijua kuliko Kiluhya chetu. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa hilo na pia lilinichoma kidogo.

Sasa ile hasira. Nilikuwa nimepata kitabu. Nilikiona Nairobi kwenye gunia la muuza vitabu vya mitumba, kimetoka jalada, hata sijui nani alikiandika. Kilikuwa kinaeleza kwa nini binadamu ni mkali. Kilisema kwamba zamani za kale, wale waliokuwa wapole sana walinyang'anywa chakula, au waliliwa, au watoto wao waliliwa, na waliobaki ni wale waliopigana. Sisi ni wajukuu wa waliobaki. Hasira basi si pepo wala si tabia mbaya. Ni kitu tulichoachiwa, kama vile meno ya mbele.

Nikakipenda hicho kitabu! Wengine wanapata wokovu kanisani, mimi niliupata kwenye gunia. Miaka yote niliambiwa nina roho mbaya, kumbe nina mababu hodari tu. Mwalimu wa dini alipoanza kunihubiria katika chumba cha walimu kuhusu dhambi ya asili, nilimwambia, "Yako inaitwa dhambi, yangu inaitwa maumbile, na tofauti ni kwamba kwa yangu hakuna sadaka." Walimu wakacheka, nami nikajiona bingwa. Nikimfokea mtoto nyumbani, nikimtandika kofi la mguu kwa ajili ya kikombe kilichovunjika, nilijiambia ni maumbile. Ni kidogo tu. Si kama baba.

Kila mwaka, kidato cha nne, tulifika mada ya evolusheni, namna viumbe walivyobadilika kizazi baada ya kizazi. Silabasi ilitaka mabawa ya ndege na mifupa ya farasi. Mimi niliongeza ya kwangu, ile hadithi ya wajukuu wa waliopigana. Wanafunzi waliipenda, hasa wavulana. Lakini mwaka mmoja, mwaka wa mvua ile ya El Nino, kulikuwa na msichana aliyekaa nyuma. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, kama miaka ishirini hivi, kwa sababu alichunga ndama wa baba yake kwanza kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani. Alikuwa haongei sana. Siku hiyo akainua mkono.

"Madam, niko na swali. Dume wawili wakipigana kwetu, ule ameshindwa anageuka tu, anaenda. Na ule mwingine hamfuati. Anaweza kumuua lakini anawacha. Sasa kama kupigana tulirithi, hiyo kuwacha tulitoa wapi?"

Mimi nikikosa jibu huwa nawaka. "Hilo swali liko kwa silabasi?"

"Hapana, Madam."

"Basi kaa chini."

Akakaa.

Miezi michache baadaye, likizo ya Agosti, nilikuwa nyumbani nasahihisha mitihani ya majaribio ya darasa hilo hilo. Nilikuwa nimeweka meza nje kwenye kivuli cha nyumba, na makaratasi thelathini na manane juu yake, yamesahihishwa yote isipokuwa matatu. Nyasi mwaka huo zilikuwa ndefu hadi magotini kwa sababu ya ile mvua. Nikaingia ndani kukoroga ugali. Dakika kumi hivi, si zaidi.

Nilipotoka meza ilikuwa tupu. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alikuwa amesimama mbele ya mbuzi wa Yeyo na fimbo ya kuonyeshea ubao. Alikuwa anacheza shule. Yeye mwalimu, mbuzi wanafunzi, na watoto wawili wa Yeyo ndio viranja. Alikuwa amewagawia mitihani yao vizuri kabisa, mmoja mmoja, na mbuzi walikuwa wanaila. "Wewe!" nikamsikia akimwambia beberu mmoja kwa sauti ambayo niliitambua mara moja, kwani ilikuwa yangu. "Hilo swali liko kwa silabasi?" Bila shaka alikuwa amenisikia nikisimulia mezani, nikijisifu.

Leo nikikumbuka nacheka hadi machozi. Mtu mwingine yeyote angecheka siku ile ile. Mimi niliona wiki mbili za kazi zikitafunwa, nikamwona mwalimu mkuu akiniuliza karatasi ziko wapi nami namjibu ziko tumboni mwa mbuzi, na mori ukanipanda. Nikawaendea na mwiko, ugali bado unaning'inia. Watoto wa Yeyo wakatimua mbio. Binti yangu naye alikimbia, akaelekea kwenye ua, halafu akasimama.

Alisimama, akainama, akang'oa nyasi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, akaziinua mbele yangu, ametulia kabisa. Hakulia. Alinitazama tu usoni, kama mtu ambaye ameshamaliza jambo lake na sasa anangoja.

Nikaona ukaidi. Wallahi niliona ukaidi, au dharau, au kwamba anataka kunirushia majani usoni. "Unanichezea mimi?" nikasema, nikampiga. Kutoka upande wa pili Yeyo alikuwa akipiga kelele, "Mwalimu! Ameshika nyasi! Mwalimu, ameshika nyasi!" Niliyasikia maneno hayo vizuri, nikafikiri ananieleza habari za mbuzi. Nilimpiga mara ngapi sijui. Nasema sijui, lakini najua: mara nne, mikononi na begani. Na kila nikipiga, yeye aliziinua nyasi juu zaidi, akidhani labda sijaziona.

Yeyo alifika akiwa anahema, akaninyang'anya mwiko. Hakunifokea. Alimshika mtoto mkono, akampeleka kwake, kisha akarudi peke yake akanikuta nimekaa kwenye kiti changu cha kusahihishia.

"Kwetu," akasema, "mtu akishika nyasi, umewacha. Hata kama amekukosea namna gani. Hata kama ni adui yako mnapigana, aking'oa nyasi akuonyeshe, mkono yako inashuka. Mtoto, mzee, kila mtu anajua."

"Sisi si Wamaasai, Yeyo," nikasema, bado nina moto.

"Yeye hajui hiyo," akasema Yeyo. "Amekua hapa na watoto yangu. Wakigombana, mmoja anashika nyasi, inaisha. Alidhani watu wakubwa wote wanajua. Alidhani wewe unajua na bado unampiga."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikujua niweke wapi uso wangu. Kupigwa na mama asiyejua ni jambo moja. Lakini mtoto alisimama pale akiamini kwamba namwona, kwamba nimesikia ombi lake lote, na nimeamua kuendelea. Hata baba hakuwahi kunifanyia hivyo. Nililia palepale mbele ya Yeyo, na mbuzi wanamalizia swali la tano.

Jioni binti yangu alirudi, akala, akasema asante. Hapo ndipo adhabu yangu ilianza, kwa sababu akawa mtoto mzuri. Woi, alikuwa mzuri! Alinisalimu kama mgeni wa heshima. Kikombe alikiweka mezani bila hata mlio. Akiombwa kitu anakileta mbio, akikileta anarudi nyuma hatua mbili. Wageni walimsifu wakasema nimelea. Kisha siku moja, nikiwa nafungua mlango kutoka sokoni, nikamsikia ndani akimnong'oneza mtoto wa Yeyo, "Leo anatembea polepole. Leo ako sawa." Nikasimama hapo nje na mkoba wangu. Niliyajua hayo maneno. Niliyajua kabla yeye hajazaliwa.

Usiniulize ni siku ngapi nilihangaika. Nilikitoa kile kitabu kabatini nikitaka kinitetee tena. Nikakisoma kuanzia mahali nilipokuwa nimeachia, na kumbe sikuwa nimefika hata nusu! Niliishia pale kiliponifaa. Sura iliyofuata ilikuwa inazungumza juu ya jambo lile lile aliloniuliza yule msichana. Ilisema wanyama wengi wenye pembe na meno wana namna ya kusema nimeshindwa, na mwenzake akiiona huacha. Mbwa hulala chali. Dume hugeuza kichwa. Bila hilo wangekwisha wote, hodari na wanyonge pamoja. Waliobaki si wale waliojua kupigana tu. Ni wale waliojua kupigana na wakajua kuacha. Mimi, mwalimu mzima wa biolojia, nilikuwa nimesimama dirishani miaka saba nikitazama nyumbu wakigongana vichwa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini baada ya dakika mbili wote wawili walikuwa wanakula nyasi.

Shule zilipofunguliwa niliingia kidato cha nne, nikawaambia kuwa mitihani yao imeliwa na mbuzi. Ilichukua muda kuwatuliza, wengine walitaka mbuzi hao wapewe tuzo. Kisha nikamgeukia yule msichana wa nyuma, nikasema, "Uliuliza swali nikakuketisha. Lilikuwa swali zuri kuliko somo langu. Nisamehe, uliulize tena." Mwalimu kuomba msamaha darasani miaka hiyo ilikuwa kitu kigeni. Msichana akasimama kwa aibu, akauliza tena, nikajibu vile kitabu kilivyosema. Nilidhani nimemaliza. Lakini hakukaa.

"Madam, lakini si kila ng'ombe inajua. Ndama akikua peke yake, amefungwa nyumbani, hana wenzake ya kucheza na yeye, akiwa dume anaumiza wengine. Hajui ile wakati ya kuwacha. Anaona mwenzake amegeuka, na bado anamdunga."

"Na mnamfanyaje?"

Akafikiri. "Tunamrudisha kwa wenzake, Madam. Wengine wanajifunza."

Wengine. Nilitembea nalo hilo neno hadi stendi ya Kajiado, kupita soko la mifugo ambalo vumbi lake lilikuwa bado halijatulia. Nilimfikiria babu, na baba katika nyumba ya babu, na mimi katika nyumba ya baba. Nilikasirika, bila shaka. Mimi hata huruma inanijia imevaa hasira.

Jumamosi iliyofuata nilimwita binti yangu tukakaa kwenye ngazi ya nyuma. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Anamnunulia andazi, na mtoto anatakiwa kuelewa. Andazi nilinunua pia, lakini nikasema kwa mdomo wangu, "Nilikukosea."

Alitazama andazi. "Hukujua nyasi ni za nini?"

"Sikujua."

"Yeyo alisema hukujua." Akauma andazi. "Mimi nilidhani unajua."

"Sasa najua. Sitakupiga tena. Ukikosea nitapiga kelele, hiyo siwezi kukudanganya, lakini mkono hautakufikia."

"Hata kwa mbuzi?"

"Hata kwa mbuzi."

Na nikatimiza. Hilo niachieni nijisifie, kwa sababu halikuwa rahisi. Nilivunja sahani mbili sakafuni kwa makusudi. Kuna siku nilitoka nje nikazunguka nyumba mara sita na majirani wakafikiri ninafanya mazoezi. Shuleni niliweka kiboko chini kabla serikali haijakipiga marufuku, na walipokipiga marufuku niliwatazama wenzangu wakilalamika katika chumba cha walimu nikanyamaza, jambo ambalo liliwashtua kuliko marufuku yenyewe. Mtoto wangu akaanza tena kugombana nami. Akanijibu jeuri akiwa na miaka kumi, nikafokea, akafokea, na usiku nikamshukuru Mungu kwa ile jeuri yake kama mtu aliyepewa zawadi.

Miaka ikaenda. Ploti ziliingia mbugani, kisha ua, kisha mawe, kisha magorofa. Mwaka mmoja nyumbu walikuja wachache, mwaka uliofuata nilifungua dirisha baada ya mvua nikakuta ukuta wa jirani mpya. Yeyo na mume wake walihamisha mifugo, wakaenda ndani kabisa upande wa Kajiado kutafuta malisho, na maziwa nikaanza kununua ya pakiti. Siku alipoondoka alinishika mikono akacheka kilio changu. Hakuna jirani niliyemlilia hivyo kabla wala baadaye, na nikimaliza kuandika haya nitamtafuta, kama bado yuko.

Baba alistaafu akarudi magharibi, na alipokuja kututembelea alikuwa mzee mwembamba ambaye mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu ya ziada. Alikaa kwenye ile ngazi ya nyuma akimenya miwa ya mjukuu wake. Nilimtazama, halafu swali likanitoka lenyewe.

"Baba, ulipokuwa unatupiga, kuna kitu tungefanya ukaacha?"

Nilitegemea akasirike. Aliendelea kumenya. "Baba yangu alikuwa anaacha tukilia," akasema. "Ukilia tu, anatupa fimbo. Nyinyi hamkuwa mnalia."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumekubaliana, sisi watano, chini ya kitanda, kwamba hatumpi machozi yetu. Na bingwa wa kutolia nilikuwa mimi.

"Kwa hiyo ni makosa yetu?" Sauti ilipanda, mnanijua.

"Sijasema hivyo." Akaweka kisu chini. "Nasema nilikuwa nangoja."

Nilikaa kando yake, nikachukua kipande cha muwa, tukatafuna sote wawili tukitazama ukuta. Nilijua kwamba nampenda na kwamba sijamsamehe, na kwamba vyote viwili vitaendelea hivyo. Lakini moyoni nilijiambia kwamba kile kilichotoka kwa babu kikapita kwa baba kikafika kwangu, kimekwisha. Nimekizima mimi. Mtoto wangu hatakiona.

Niliamini hivyo hadi mwaka wa saba tangu siku ile ya nyasi. Halafu Jumapili moja, binti yangu akiwa kidato cha kwanza, amekuja likizo, ananizidi urefu, tulikuwa jikoni mchana. Yeye alikuwa ameketi kwenye kistuli akimenya viazi huku akinisimulia vituko vya matroni wao, na mimi nacheka hadi nashika meza. Sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na furaha kiasi kile. Sufuria ikaanza kutokota. Nikanyoosha mkono juu yake upesi upesi, vile nifanyavyo kila kitu, kuchukua chumvi kwenye rafu.

Kiazi kilianguka. Kisu kilianguka. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya kichwa na uso umezama magotini, kabla hata hajamaliza sentensi.

Ilikuwa nukta moja tu. Kisha akainua uso, akaona chumvi, akacheka kwa aibu. "Samahani, Mama," akasema. "Sijui kwa nini nimefanya hivyo."

Mimi nilijua. Nikabaki nimesimama pale na mkono juu, naogopa hata kuushusha.